Mgeni ako ndani ya nyumba, mbona unamtumia barua?

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema ndio tusisumbuane kwa komenti. Ukitoa faili kwa laptopu yako, ukaipakia Google Drive, halafu ukaishusha tena kwa mashine pepe inayokimbia ndani ya laptopu hiyo hiyo, umelipa nauli ya kwenda na kurudi ili uvuke sebule. Bando imeliwa mara mbili. Faili imeenda mpaka kwa kituo cha data cha watu wengine, pengine nje ya hili bara, ikageuza, ikarudi, ikatua kwa diski ile ile ilikotoka.

Na najua mnafanya hivyo kwa sababu mnaniambia. Kila nikiposti kitu kuhusu Linux, inboksi inajaa maneno ya aina moja: mashine yangu inaingia intaneti lakini kompyuta haiioni; nimeandika ile anwani kwa brauza, inazunguka tu; nimeambiwa nipingi, nimepingi, kimya. Wengi walioanza mambo ya seva wakaachia njiani hawakushindwa na kodi. Walishindwa hapa, kwa kuunganisha kompyuta na mashine iliyo tumboni mwake. Na hao wauza kozi, wengi wao, hii hatua wanairuka. Dakika ya 10 ya video ya kwanza tayari wanakwambia ukodi seva ya wingu kwa dola. Kodi kama unazo. Lakini usikodi kwa sababu umeshindwa kufungua mlango wa ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Tuelewane kwa majina kwanza. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Programu kama VirtualBox inakata kipande cha RAM yako, kipande cha diski na muda kidogo wa prosesa, halafu inaidanganya Linux kwamba hapo ndio kompyuta nzima. Si wazo la juzi. IBM walikuwa wanafanya hivyo kwa mashine zao kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatoa VM/370. VirtualBox yenyewe ilianzia kwa kampuni ya Ujerumani iliyoitwa Innotek, Sun Microsystems wakainunua mwaka 2008, Oracle nao wakameza Sun mwaka 2010. Haulipi kitu kuishusha, na ndiyo maana iko kwa hizi laptopu zetu za ex-UK.

Kompyuta halisi inaitwa mwenyeji. Ile ya ndani inaitwa mgeni. Haya majina hayakutoka kwetu, lakini yanatukaa kuliko yanavyowakaa wenyewe. Mgeni anakuja na kadi yake ya mtandao, pepe pia. Na kila kichwa kuuma utakachopata kwa hii safari kina swali moja nyuma yake: hiyo kadi imechomekwa wapi?

Ukiunda mashine mpya bila kugusa chochote, kadi imechomekwa kwa kitu kinaitwa NAT. Mkiwa mmesoma shule ya msingi mashambani mtaielewa haraka. NAT ni lile sanduku la posta la shule. Kijiji kizima kinatumia S.L.P. moja. Barua ikitoka inaandikwa nambari ya shule. Jibu likirudi, mwalimu anasoma jina juu ya bahasha, anampa mtoto apeleke nyumbani. Inafanya kazi poa kabisa. Lakini mtu akitoka Nairobi akitafuta kwenu na S.L.P. peke yake, atafika kwa geti ya shule, na hapo safari yake itaishia.

Mgeni wako akiomba ukurasa, VirtualBox inachukua ombi, inaliandika kwa jina la mwenyeji, inalituma, jibu likija inamkabidhi. Mgeni anapewa anwani 10.0.2.15. Njia yake ya kutoka ni 10.0.2.2. Sasa hapa ndipo watu wanachanganyikiwa: ukiunda mashine 5 kwa NAT hii ya kawaida, zote 5 zinaambiwa ni 10.0.2.15, kwa sababu kila moja ina posta yake na hazijuani kabisa. Hiyo nambari haina maana nje ya hiyo mashine. Ukiiandika kwa Chrome upande wa Windows, Windows haimjui huyo mtu. Inarusha swali kwa ruta, na ruta pia haimjui.

Kuna dogo wa ploti yetu, amemaliza fomu foo, anangoja mambo ya chuo ambayo mpaka sasa hayaeleweki. Amejifunza Python kwa simu, simu kabisa, kabla mjomba wake amnunulie laptopu Luthuli Avenue. Mama mmoja wa duka hapa mtaani alikuwa amemwambia: nitengenezee kitu cha kuandika madeni, hiki kitabu watu wananidanganya nacho, Jumamosi unionyeshe, ikiwa poa nakulipa. Dogo akaandika programu yake kwa Flask, ndani ya Ubuntu Server, kwa VirtualBox. Vizuri sana. Alhamisi jioni akabisha mlango wangu.

"Bro, kuna mtu anaweza nunua simu yangu haraka?"

"Unauza kwa nini?"

"Nataka kulipia seva. Yule msee wa kozi amesema hii kitu haiwezi onekana bila seva ya wingu."

"Inakimbia sahii?"

"Inakimbia. Lakini ndani. Huku nje haionekani."

Ndani na nje. Mwenyewe alikuwa ameshasema shida na suluhisho kwa sentensi moja, na alikuwa karibu kuuza simu ndio ageuze kompyuta mbili zilizo kwa kasha moja zisalimiane. Hiyo ndiyo inanitoa povu. Si dogo. Dogo alikuwa amefanya kazi yote.

Nilimwambia azime mashine pepe kabisa, maana VirtualBox haikubali uongeze kadi mpya ikiwa inakimbia. Tukaingia mipangilio, upande wa mtandao. Kadi ya kwanza tuliiacha kwa NAT, kwa sababu hiyo ndiyo inampa mgeni intaneti na haina kosa lolote. Tukawasha kadi ya pili, tukaichomeka kwa chaguo lililoandikwa Host-only. Hiyo ni waya wa watu wawili, mwenyeji na mgeni. Hauendi kwa ruta wala kwa waifai, na ukizima data yote ya nyumba bado unafanya kazi. Kwa kawaida VirtualBox inaupa mtaa wake, 192.168.56, mwenyeji anakaa nyumba nambari 1, na kuna mgawaji wa anwani anayegawa kuanzia 101 kwenda juu.

Hizo nambari 192.168 na 10 hazikuokotwa tu. Tangu mwaka 1996 kuna waraka wa intaneti, RFC 1918, uliotenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: lile la 10, la 172.16 hadi 172.31, na la 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa, na hazipitishwi kwenye intaneti ya umma. Ndiyo maana waifai yenu na waifai ya jirani zinaweza kuwa na anwani zinazofanana na hakuna vita.

Tukawasha. Dogo akaandika `ip addr`. Kadi ya kwanza, enp0s3, ilikuwa na ile 10.0.2.15. Kadi ya pili, enp0s8, ilikuwepo lakini haina anwani yoyote, imelala. Akaniangalia kama mtu ambaye ameuziwa simu ya mbao.

Hapa ndipo video nyingi zinakuacha. Kwa Ubuntu ya mezani, ile yenye picha na kipanya, kadi ya pili mara nyingi inajiamkia yenyewe. Ubuntu Server haifanyi hivyo. Inasoma faili iliyo kwa folda ya /etc/netplan, na hiyo faili iliandikwa siku ya kusakinisha, wakati kadi ya pili haikuwepo. Kwa hivyo unaifungua, unaongeza enp0s8 chini ya enp0s3, umbali sawa kutoka ukingoni, na chini yake unaipa anwani. Mimi huwa sitaki ile ya kugawiwa. Naandika yangu, 192.168.56.10/24, iliyo nje ya zile za mgawaji, ndio kesho isibadilike nikaanza kuitafuta upya. Tumia nafasi, si kitufe cha Tab. Hiyo lugha ya YAML haitambui Tab na itakutukana. Na usiweke njia ya kutokea kwa hii kadi ya pili. Hii haitoki popote. Ukiipa njia ya kutokea, mgeni anaweza kuanza kutafuta intaneti kwa ukuta, halafu unaniandikia kwamba nimekuharibia mashine. Kisha `sudo netplan apply`, na kadi inaamka.

Kutoka Windows tukapingi 192.168.56.10. Ikajibu mara nne.

Dogo akataka kujaribu kinyume, kutoka Linux kwenda Windows, 192.168.56.1. Kimya. Akashika kichwa. Na hapa nataka mshike hii kabisa kwa sababu nimeona watu wakifuta mashine nzima na kuanza upya kwa sababu yake: hiyo kimya si ugonjwa. Ni faiwoli ya Windows. Kwa kawaida inakataa kujibu pingi za watu isiowaamini, na ule waya wa Host-only Windows huuweka kwa kundi la mitandao ya umma, pamoja na waifai ya mkahawa. Njia moja inafanya kazi, hiyo inatosha kujua kwamba waya upo. Jaribu kila mara kutoka mwenyeji kwenda kwa mgeni kwanza. Kama hiyo imejibu, wacha kuchimba.

Tukafungua Chrome, tukaandika 192.168.56.10:5000. Ikakataa. Muunganisho umekataliwa, si kwamba imezunguka ikachoka. Hizi mbili ni tofauti na ni muhimu kuzitofautisha. Ikizunguka mpaka ichoke, barua haikufika, au kuna mtu wa faiwoli ameimeza bila kusema. Ikikataliwa papo hapo, barua imefika, mlango umepatikana, ila hakuna mtu nyuma yake. Hiyo ya pili ni habari njema, ingawa haionekani hivyo saa tatu usiku.

Mbona hakuna mtu nyuma ya mlango na programu inakimbia? Kwa sababu Flask, usipoiambia kitu, inasikiliza 127.0.0.1 peke yake. Hiyo anwani maana yake ni mimi mwenyewe. Kila kompyuta ina 127.0.0.1 yake, na ya mgeni si ya mwenyeji, hata kama wanalala kwa kasha moja. Ni kama kuongea na wewe kwa wewe chumbani mlango umefungwa. Andika `flask run --host=0.0.0.0` na sasa inasikiliza kadi zote. MySQL kwa Ubuntu ina tabia hiyo hiyo, kwa sababu nzuri ya usalama. Django pia, na Django ina kituko cha ziada: hata ukiifungua itakukatalia mpaka uandike hiyo anwani kwa orodha ya ALLOWED_HOSTS. Ukitaka kujua nani anasikiliza wapi, `ss -tln` inakuonyesha yote kwa sekunde moja. Kama anwani ya kusikiliza kwa huo mstari ni 127.0.0.1, hakuna mtu wa nje atasikizwa, hata upange mtandao vipi.

Dogo akaandika. Akarudi kwa Chrome. Ukurasa wake wa madeni ukafunguka, na ile rangi ya kijani mbaya sana aliyokuwa ameichagua. Hakusema kitu. Alichukua simu yake mezani akairudisha mfukoni.

Sasa nyinyi wa VMware msilalamike. Kwenu majina ni tofauti: VMnet1 ndiyo Host-only, VMnet8 ndiyo NAT, VMnet0 ndiyo ya daraja. Na tofauti moja tamu, NAT ya VMware inamwekea mwenyeji kadi kwa mtandao huo huo, kwa hivyo anaweza kumfikia mgeni bila kadi ya pili. Basi. Mambo mengine ni yale yale.

Lakini mama wa duka hana VirtualBox. Ana simu. Na Host-only haifiki kwa simu, ndiyo maana yake, ni waya wa wawili. Kwa hiyo Jumamosi tulitumia njia nyingine, ile ya kumwachia mwalimu wa posta maagizo. Kwa mipangilio ya kadi ya NAT kuna sehemu ya kuelekeza poti. Unaandika sheria moja: chochote kinachogonga poti 5000 ya mwenyeji, kipelekwe poti 5000 ya mgeni. Ni kama kumwambia mwalimu, barua yoyote iliyo na alama nyekundu ni ya kwetu, usisome jina, leta moja kwa moja. Ukiacha sehemu ya anwani ya mwenyeji wazi, inakubali hata wanaotoka nje ya laptopu, ukiandika 127.0.0.1 hapo, inabaki yako peke yako. Windows itauliza kama iruhusu VirtualBox ipokee wageni, nawe unakubali, kwa muda.

Dogo akawasha hotspoti ya simu yake, laptopu ikajiunga, akaangalia laptopu imepewa anwani gani kwa `ipconfig`, simu ya mama ikajiunga pia. Mama akafungua brauza. Simu, laptopu na mashine pepe, zote zinaongea juu ya kaunta, na bando ya dogo haikuguswa kuonyesha hizo kurasa, kwa sababu hakuna kitu kilichotoka nje. Mama aliandika deni la kwanza mwenyewe, unga kilo 2, jina la mtu tunayemjua sote na sitamtaja. Akauliza kama inaweza kumkumbusha huyo mtu kila siku.

Alilipa nusu siku hiyo. Nusu ingine baada ya rangi kubadilishwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo, hiyo stori mnaijua na leo si siku yake. Nitasema tu kwamba mwaka mzima nilisoma somo la mitandao na tulichora zile tabaka saba ubaoni mpaka chaki ikaisha, lakini hakuna siku hata moja tulipingi kitu. Kompyuta za maabara zilikuwa zimefungwa, huwezi kusakinisha chochote. Nilipata A ya tabaka. Sisemi tabaka ni upuzi. Ukielewa tabaka, ile tofauti ya kuzunguka na kukataliwa inakuja yenyewe. Nasema mtu akifundishwa jina la kila kokoto na asiwahi kutembea barabarani, msishangae akipotea.

Na hii kitu ya kutuma faili Ulaya ndio ifike chumba cha pili, nchi hii iliwahi kuishi hivyo kabisa. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Na kabla ya kituo cha KIXP, ukiwa mteja wa kampuni moja ya intaneti hapa Nairobi na umtumie barua pepe mteja wa kampuni ingine hapa hapa Nairobi, ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikageuza, ikapanda setilaiti tena, ikarudi. Pande zote mbili zikalipa, kwa dola. KIXP ilikuja kuziunganisha hizo kampuni mahali pamoja hapa nyumbani. Ilianza Novemba 2000, na ikafungwa mwezi uliofuata, baada ya shirika la simu la serikali, lililokuwa na haki ya pekee ya njia za kwenda nje, kulalamika kwa mdhibiti. Ikarudi Februari 2002. Zaidi ya mwaka mzima wa barua za majirani kupanda angani kwa sababu kuna mtu alikuwa analipwa nauli. Nikisikia mwuza kozi akimwambia dogo hakuna njia ingine ila kukodi, hiyo ndiyo historia inanijia.

Sawa, kuna wale mmeshaanza kuandika: mbona usiweke daraja tu, ile ya Bridged, uache hizi stori za kadi mbili? Najua. Daraja ni tamu. Mgeni anachomekwa kwa mtandao wenu wa kweli, ruta inampa anwani yake kama simu nyingine yoyote, na kila mtu nyumbani anamwona. Kwa waya wa kawaida inafanya kazi bila maneno. Kwa waifai VirtualBox inalazimika kucheza mchezo, kwa sababu waifai inakubali anwani ya MAC ya kadi iliyojiunga tu, na mgeni ana yake. Kwa hiyo VirtualBox inabadilisha anwani njiani. Mara nyingi inakubali. Kwa waifai za hosteli, zile za kuingiza nambari ya siri kwa ukurasa kwanza, mara nyingi mgeni hapati kitu, na hakuna mpangilio wa kwako utakaorekebisha hilo.

Lakini hiyo si sababu yangu ya kuikataa. Sababu yangu ni neno "kila mtu anamwona".

Kuna wengi wenu mnajifunza usalama wa mitandao, na mnashusha Metasploitable. Kwa wasioijua, hiyo ni Linux iliyotengenezwa makusudi ikiwa na mashimo kila mahali, mtu ajifunzie kuingilia. Jina la kuingilia ni msfadmin na nywila ni msfadmin. Sasa mtu anaichukua hiyo, anaiweka kwa daraja, kwa waifai ya ploti ambayo keateka amegawia nyumba 16. Umeweka nyumba isiyo na mlango katikati ya mtaa na kuiwashia taa. Yeyote kwa hiyo waifai anaweza kuingia, na akiwa ndani, anaweza kuitumia kugonga simu na laptopu za majirani zako, na kila hatua itaonekana imetoka kwako.

Halafu kuna upande wa pili. Ukikimbiza vifaa vya kupekua kutoka kwa mashine iliyo kwa daraja, na ukakosea nambari moja ya anwani, haupekui tena mashine yako. Unapekua ya jirani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 haina sehemu inayosema "lakini alikuwa anajifunza". Kuingia kompyuta ya mtu bila idhini ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa mashine yako mwenyewe, ndani ya laptopu yako mwenyewe, kwa waya wa wawili, hakuna wa kukuuliza. Umejipa idhini. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mazoezi na kesi, na imekaa kwa menyu moja ya kuchagua ambayo watu wanaibofya bila kusoma.

Kwa hivyo mashine ya kujifunzia uvamizi, kadi moja, Host-only, mwisho. Haihitaji intaneti. Mashine ya kushambulia, kama Kali, nayo ina kadi ya Host-only kwa mtaa huo huo ndio zionane, na ya NAT ya kuchukua sasisho. Siku ya mazoezi, kabla ya kuwasha ile yenye mashimo, fungua mipangilio ya ile kadi ya NAT ya Kali, kuna kisanduku cha tiki kinachosema kebo imechomekwa. Toa tiki. Hata mashine haihitaji kuzimwa kwa hilo, ni kama kuchomoa waya nyuma ya ruta. Sasa hata ukikosea nambari, hakuna mahali pa kwenda.

Ukimaliza, rudisha tiki. Usipoirudisha, kesho `apt update` itakwama na utaniandikia saa sita usiku kwamba Linux imeharibika.